Swindon: ateliye ya treni ambamo watu walikuwa « ndani »

SWINDON, Uingereza. Siku ya tatu tarehe 26 Machi 1986, sirene ya ateliye ya treni katika mji wa Swindon ililia kwa mara ya mwisho. Kwa zaidi ya miaka mia moja, sirene hiyo ndiyo iliyoamsha mji, ndiyo iliyotangaza saa ya kuingia kazini na saa ya kutoka. Ilisikika hadi vijiji vya mbali, na mkulima aliyekuwa shambani aliitumia kama saa, hata kama hakuwa na mtu wa kwake katika reli. Siku hiyo ililia, ikanyamaza, na kazi iliyoanza rasmi mwezi wa Januari 1843 ikafika mwisho.

Wakaaji wa Swindon walikuwa na neno lao kwa mahali hapo. Mtu hakusema kwamba anafanya kazi katika shirika la reli, wala katika kiwanda. Alisema tu kwamba yuko « ndani ». Baba alikuwa ndani, kaka alikuwa ndani, na kijana akimaliza masomo ya chini naye aliingia ndani. Neno hilo moja linaeleza jengo lile kuliko picha nyingi. Ateliye ya Swindon ilikuwa na ukuta mrefu wa mawe, milango michache na hesabu kali ya nani ameingia na nani amechelewa. Aliyekuwa ndani alikuwa na mshahara, nyumba, dawa na vitabu. Aliyekuwa nje alitafuta maisha kwa njia nyingine.

Ili kuelewa namna ukuta huo ulivyojengwa, inafaa kurudi mwaka wa 1840. Malkia Victoria alikuwa ametawala Uingereza miaka 3 tu, na angetawala hadi 1901. Ndiyo sababu majengo ya kipindi hicho huitwa ya enzi ya Victoria. Shirika la reli la Great Western Railway lilikuwa likijenga njia kutoka London hadi bandari ya Bristol, upande wa magharibi. Injinia mkuu alikuwa Isambard Kingdom Brunel. Msimamizi wa mashini za treni alikuwa Daniel Gooch, kijana aliyepewa kazi hiyo mwaka wa 1837 kabla hajatimiza miaka 21. Mashini alizozikuta zilikuwa za kila aina, zimenunuliwa huku na kule, na nyingi ziliharibika mara kwa mara. Gooch alihitaji mahali pa kuzitengeneza.

Kuna hadithi inayopendwa sana Swindon, kwamba Brunel na Gooch walikuwa wakila mkate majanini, Brunel akatupa kipande na kusema ateliye itajengwa pale kitakapoanguka. Ni hadithi nzuri ya kuwachekesha wageni. Ukweli uko katika barua ambayo Gooch alimwandikia Brunel mwezi wa Septemba 1840, na hakuna mkate ndani yake. Kutoka London hadi Swindon, kilometa karibu 124, njia ni tambarare. Mashini yenye magurudumu makubwa inaweza kukimbia. Kutoka Swindon kwenda Bristol kuna miteremko, na huko inahitajika mashini ya nguvu zaidi. Basi mahali pa kubadilisha mashini ni hapo hapo. Tena, njia nyingine ya kwenda Cheltenham ingeungana na ile kubwa mahali hapo, na kulikuwa na mfereji wa mashua karibu, ambao ungeleta makaa ya mawe na maji. Mwezi wa Februari 1841 wakubwa wa shirika walikubali. Kwa wasomaji wa Congo, huo ndio mwaka ambao Henry Morton Stanley alizaliwa katika Wales.

Juu ya maji, Gooch alikosea kidogo. Maji ya mfereji hayakutosha ateliye iliyoendelea kukua, na mwaka wa 1903 shirika lililazimika kuyaleta kwa bomba kutoka Kemble.

Swindon yenyewe ilikuwa mji mdogo wa soko juu ya kilima, wenye watu karibu 2,500. Ateliye iliwekwa chini, kwenye uwanda wenye majani na matope, mbali kidogo na nyumba za watu. Hapo hapakuwa na kitu. Kila kilichohitajika kilipaswa kuletwa au kuchimbwa, na hapo ndipo mawe yanaingia katika habari hii.

Kati ya Swindon na Bristol kuna kilima kinachoitwa Box. Brunel alikitoboa kwa handaki la kilometa karibu 3, na kazi hiyo ilikula maisha ya wachimbaji wengi. Mawe yaliyotolewa humo, mawe ya chokaa yenye rangi ya asali, hayakutupwa. Yalipakiwa kwenye treni na kupelekwa Swindon, na sehemu yake ikajenga nyumba za wafanyakazi. Mtu anayepita leo katika kartiye ile ya reli anaona ukuta wa nyumba ya makinisti uliotoka tumboni mwa kilima ambacho makinisti huyo alikuwa akikipita kila siku.

Nyumba zilikuwa 300. Barabara zake zilipewa majina ya stesheni: Bristol, Bath, Exeter, Taunton upande mmoja, London, Reading, Oxford, Faringdon upande mwingine. Shirika halikuwa na pesa za kuzijenga. Lilifanya mapatano na wajenzi J. na C. Rigby: wao wajenge stesheni na nyumba kwa pesa zao, na kama malipo wapewe haki ya kuuza chakula katika stesheni kwa miaka 99, na kila treni ya kawaida ya abiria isimame pale dakika 10 ili watu wanunue. Mapatano ya namna hiyo, ambayo yanaonekana rahisi siku ya kutia sahihi, yalilitesa shirika kwa miaka zaidi ya 50. Treni za haraka zilipaswa kusimama ili abiria wanywe kahawa ambayo Brunel mwenyewe aliilalamikia. Alimwandikia muuzaji kwamba hakuamini kuwa pale kuna kahawa hata kidogo, bali nafaka iliyokaangwa. Mwaka wa 1895 shirika lilinunua tena haki hiyo kwa pauni 100,000, ili tu treni zake ziweze kupita bila kusimama.

Ateliye za kwanza zilikuwa majengo ya mawe, marefu na ya chini, yenye madirisha makubwa. Mtu anaweza kuuliza kwa nini mahali pa grisi na moshi pajengwe kwa mawe yaliyochongwa vizuri namna hiyo, karibu kama kanisa. Sababu moja ni kwamba mawe yalikuwa karibu. Sababu nyingine ilikuwa machoni pa abiria: majengo yalikuwa kando ya njia kubwa, na kila aliyesafiri kutoka London aliyaona kupitia dirishani. Shirika changa, lenye madeni, lilitaka kuonekana kama shirika litakalodumu.

Mwaka wa 1846 mchoraji John Cooke Bourne alitoa kitabu cha picha za njia ya Great Western, na moja ya picha hizo inaonyesha ndani ya nyumba ya mashini ya Swindon. Ni picha ya kutazamwa polepole. Paa limegawanywa sehemu tatu, limebebwa na safu za nguzo nyembamba. Kulia na kushoto mashini zimesimama kila moja mahali pake, kama ng'ombe katika zizi. Katikati kuna nafasi wazi, na humo inatembea meza kubwa ya chuma juu ya reli zake. Mashini inaingia juu ya meza, meza inasukumwa mpaka mbele ya nafasi iliyo tupu, mashini inaingizwa humo. Kwa namna hiyo mashini ya mwisho inaweza kutoka bila kuzisumbua zile za mbele. Akili ya jengo iko hapo: linafuata kazi, na kazi inaamua nguzo isimame wapi.

Nuru nayo iliamua. Taa za wakati huo zilikuwa hafifu, na fundi anayepima chuma kwa unene wa unywele hawezi kufanya kazi gizani. Ndiyo sababu ya madirisha yale makubwa, na ndiyo sababu, kadiri ateliye zilivyopanuliwa, mapaa yalijengwa kama mfululizo wa migongo yenye vioo. Ukiziangalia kwa mbali, ni kama mawimbi.

Mwanzoni Swindon ilitengeneza tu mashini zilizoharibika. Lakini mwaka wa 1846 Gooch na watu wake walijenga mashini nzima, kutoka mchoro hadi kuwasha moto, kwa wiki 13. Iliitwa Great Western, jina la shirika lenyewe. Tangu hapo Swindon haikuwa tena garage ya matengenezo, ilikuwa kiwanda. Mwaka uliofuata zikaja mashini za aina ya Iron Duke, zenye magurudumu ya kuendesha yenye kimo cha karibu mita 2.4, kumzidi mtu aliyesimama.

Ukubwa huo ulitokana na uamuzi wa Brunel ambao mwishowe ulishindwa. Reli nyingi za Uingereza ziliachana kwa mita 1.435. Brunel alitaka upana wa mita 2.14, kwani aliamini treni pana itakimbia vizuri na kwa usalama. Kwa kulinganisha, treni ya kwanza ya Matadi kwenda Kinshasa, iliyomalizika mwaka wa 1898, ilipita juu ya reli zenye upana usiofika sentimita 80. Brunel hakukosea juu ya mwendo. Alikosea juu ya majirani. Mizigo iliyofika mahali ambapo reli pana inakutana na reli nyembamba ilipaswa kushushwa yote na kupakiwa upya. Mwezi wa Mei 1892 reli pana ilifutwa kabisa. Mashini na mabehewa yote ya upana ule yaliletwa Swindon, ambako shirika lilitandika kilometa nyingi za reli za muda uwanjani ili kuyaegesha, yakingojea kubadilishwa au kukatwa. Picha za wakati huo zipo: safu baada ya safu ya mashini baridi. Mafundi waliozijenga ndio walioitwa kuzivunja.

Lakini habari ya ateliye ya Swindon haiwezi kuishia kwenye mashini. Mwaka wa 1847, kazi ilipopungua na watu wengi wakafukuzwa, wafanyakazi walianzisha kasha la matibabu. Kila mmoja alikatwa kidogo kwenye mshahara, na kasha likalipa daktari na dawa kwa ajili yake na jamaa yake. Kasha lilikua. Mwaka wa 1871 likapata hospitali ndogo. Karibu 1892 likajenga nyumba kubwa yenye mahali pa kuoga, mahali pa kuogelea na duka la dawa. Yote hayo yalikuwepo zaidi ya nusu karne kabla ya serikali ya Uingereza kuanzisha matibabu ya bure kwa raia wote mwaka wa 1948.

Vilevile kulikuwa na chama cha mafundi, Mechanics' Institution, kilichoanzishwa mwaka wa 1844. Kilianza kwa vitabu vichache vya kukopeshana. Mwaka wa 1855 kikafungua jengo lake katikati ya kartiye ya nyumba za mawe, lenye maktaba, ukumbi wa mikutano na michezo ya kuigiza. Tangu 1849 chama hicho kilipanga safari ya kila mwaka: shirika lilitoa treni za bure, na watu wa ateliye wakaenda likizo. Miaka ilivyopita, safari hiyo iliondoa watu kwa maelfu, mji ukabaki kimya wiki nzima. Wazee wameisimulia kama furaha kubwa. Mara chache hukumbushwa kwamba kwa miaka mingi wiki hiyo haikuwa na mshahara.

Na ndani yenyewe? Aliyeandika wazi kuliko wengine ni Alfred Williams. Alizaliwa mwaka wa 1877 katika kijiji cha South Marston, akaingia ateliye akiwa kijana mwaka wa 1892, akafanya kazi kwenye nyundo za mvuke. Alijifunza Kilatini na Kigiriki peke yake, akaandika mashairi, na watu wakamwita mshairi wa nyundo. Kitabu chake juu ya maisha ya ateliye, Life in a Railway Factory, kilitoka mwaka wa 1915, baada ya yeye kuacha kazi kwa sababu ya afya iliyoharibika. Alingoja kutoka kwanza. Mtu aliye ndani asingeweza kusema hayo. Williams hakusifu ukuta wa mawe. Aliandika juu ya joto la tanuru, moshi usiotoka, kelele zinazoua masikio, kapita wanaowaonea watu, na kazi ya kontra ambayo bei yake hupunguzwa mara tu fundi anapopata njia ya kuifanya haraka. Yale mapaa yenye vioo, ambayo leo wageni huyapiga picha, wakati wa jua yaligeuza ateliye kuwa tanuru nyingine.

Kuingia kulikuwa kwa jetoni. Kila mfanyakazi alikuwa na jetoni ya shaba yenye namba yake. Sirene ikilia, maelfu ya viatu viligonga barabara kuelekea milangoni, na jetoni ndiyo iliyosema nani amefika. Si kila mtu aliipenda sirene hiyo. Mwaka wa 1873 Lord Bolingbroke, mtu wa cheo aliyekuwa na jumba lake huko Lydiard, alilalamika rasmi kwamba inamsumbua usingizi. Kesi ilifika kwa serikali. Wafanyakazi, ambao hawakuwa na nafasi ya kulala mpaka jua litoke, waliona ajabu. Mwishowe sirene iliendelea kulia.

Wanawake nao waliingia, ingawa kwa mlango wao. Tangu 1874, chini ya uongozi wa Joseph Armstrong, walianza kuajiriwa katika ateliye ya mabehewa kwa kushona viti na mapazia. Saa zao zilipangwa wasikutane na wanaume getini. Jumuiya ile ilijali sana sifa ya mabinti, lakini haikuchukizwa na kuwalipa mshahara mdogo.

Mwaka wa 1901, Victoria alipofariki, Swindon ilikuwa na wakaaji karibu 45,000, na karibu wote waliishi kwa njia moja ama nyingine kutokana na ateliye. Baadaye ilifikia kuajiri zaidi ya watu 14,000. Mwezi wa Machi 1960 ilitoa Evening Star, mashini ya mwisho ya moshi iliyojengwa kwa ajili ya reli za serikali ya Uingereza. Baada ya hapo ni kushuka. Makaa yalibadilishwa na mazuti, na kazi zilipunguzwa mwaka hadi mwaka. Tangazo la kufunga lilikuja mwaka wa 1985, mwaka ule ule ambao Great Western ilikuwa ikiadhimisha miaka 150. Sherehe zilikuwa zimepangwa ndani ya ateliye yenyewe. Wafanyakazi hawakutaka kucheza ngoma juu ya kaburi lao, na maonyesho ya Swindon yakavunjwa.

Baada ya 1986 swali lilikuwa la kawaida: nini kifanyike na majengo? Ile ateliye kubwa kupita zote, iitwayo A Shop, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, ilibomolewa. Yale ya mawe ya enzi ya Victoria yalikuwa yamelindwa na sheria, kwa hiyo ilibidi yapewe kazi nyingine. Mwaka wa 1994 ofisi kuu za zamani zilichukuliwa na idara inayotunza kumbukumbu za majengo ya kihistoria ya Uingereza. Mwaka wa 1997 ateliye kadhaa zilifunguliwa kama soko la nguo na viatu vya bei iliyopunguzwa. Mwaka wa 2000 jengo lingine likawa makumbusho ya reli, liitwalo STEAM. Mwaka wa 2005 shirika la National Trust, linalotunza urithi wa inchi hiyo, lilijenga makao yake makuu jirani, na mapaa yake mapya yakachorwa kwa kufuata migongo ya ateliye za zamani.

Kwa upande wa mawe, hiyo ni bahati ambayo ateliye nyingi za reli duniani hazikuipata. Mapaa hayavuji, nguzo zimepakwa rangi, na winchi za kuinulia vyuma bado ziko juu ya vichwa vya watu wanaochagua mashati. Kwa upande wa kazi ni jambo lingine. Fundi aliyejifunza kwa miaka mitano kukata gurudumu la treni hawezi kuuza viatu kwa mshahara ule ule, hata kama duka liko pale pale aliposimama na mashini yake.

Na bahati yenyewe haikuwafikia wote. Jengo la Mechanics' Institution lilifungwa mwaka ule ule wa 1986. Mwaka wa 2003 moto uliliharibu. Mipango imetangazwa mara nyingi na wenye mali wamebadilika, na miaka inapita madirisha yakiwa yamefunikwa. Lile la shirika limetengenezwa, lile la wafanyakazi linaoza, na kati yao ni mwendo wa dakika chache kwa mguu.

Mwendo huo hupita chini ya njia ya reli, katika handaki fupi ambalo shirika lilichimba katika miaka ya 1870 ili watu wa kartiye ya mawe waingie kazini bila kukatiza njia ya treni. Handaki bado liko wazi. Asubuhi, watu wanalipita wakienda sokoni, wengine na watoto katika vigari, juu yao treni ya London ikipita bila kusimama. Hakuna tena anayeomba jetoni mwishoni.